Katika Kusifu Hati ya Mkono

Katika mtaa wetu hapa Tanga yuko mwalimu mmoja wa chuo, mtu mzima ambaye ndevu zake zimekwisha kuwa nyeupe zote, ambaye majirani humwita mara kwa mara kuandika kombe, na juma lililopita nilipata bahati ya kuketi karibu naye alipokuwa akimwandikia mtoto mwenye homa. Aliletewa sahani nyeupe ya kauri, akaifuta kwa kitambaa safi, akaloweka zafarani katika marashi ya waridi, akangoja mpaka rangi ikolee, kisha akatoa kalamu ya tete mfukoni mwa kanzu yake na kuitazama ncha yake kwenye mwanga wa dirisha. Haikumridhisha. Aliomba kisu, akaichonga upya bila ya haraka, akaikata ncha mshazari, akaijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba, na ndipo alipopiga bismillahi akaanza. Mistari iliizunguka sahani kutoka ukingoni hadi katikati, herufi zikifuatana kwa vimo vilivyolingana, nukta zikikaa mahali pake, mkia wa kila herufi ukimalizwa kwa mvuto mmoja wa mkono. Na alipoona neno moja limesongamana na jirani yake, alilifuta kwa pamba akaliandika tena. Mama wa mtoto alikuwa amesimama mlangoni na bilauri ya maji. Haikupita robo saa maji yalimiminwa, hati yote ikayeyuka ikawa rangi ya manjano, na mtoto akanyweshwa.

Tangu siku ile fikira yangu haijatoka katika sahani. Hati ambayo hakuna aliyeisoma ila aliyeiandika, na ambayo uhai wake haukutimiza nusu saa, ilistahiki machoni pa mwalimu yule kalamu iliyochongwa upya, mstari ulionyooka na neno lililofutwa likaandikwa mara ya pili. Na sisi tunaojiita watunzi, tuandikao kwa tamaa ya kusomwa hata na wasiozaliwa bado, huyatoa maneno yetu kwa dole gumba juu ya kioo cha simu, tumesimama tukingoja daladala, tukayapeleka kabla hatujayasoma, tena tukastaajabu kuona kuwa hayakai moyoni mwa mtu. Simtukani yeyote. Naandika kwa sababu naipenda kazi ya kuandika kwa mkono, naiona ikituondokea bila ya tanzia, na nadhani kuwa pamoja nayo inaondoka namna moja ya kufikiri ambayo hatujapata badala yake.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwandishi wa barua. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na baraza, mkeka, kibweta cha mninga ambacho kifuniko chake alikilaza magotini kikawa meza, kidau cha wino, na kalamu za chuma alizozifunga pamoja kwa uzi. Zama hizo mashamba ya katani ya Tanga yalijaa watu waliotoka mbali, tuliowaita manamba, na mara tu walipopata mshahara walifika barazani kwake, wakachanganyika na wake wa mabaharia na wazee wenye mashauri ya mirathi. Mimi nilikaa pembeni mwa mkeka, kazi yangu kushika karatasi ya kukaushia wino.

Mjomba hakuchovya kalamu mpaka mwenye barua amalize kusema yote. Alisikiliza amefumba macho, na mgeni asiyemjua alidhani kuwa amelala. Mtu aliposema, "Mwalimu, mwandikie mke wangu kuwa nina shida," hapo mjomba alifumbua macho.

"Shida ni nyingi, mwanangu. Yako ni ipi?"

"Shida tu, mwalimu."

"Umelala na njaa?"

"La, chakula tunapata."

"Basi nini?"

Yule mtu alinyamaza, akatazama miguu yake, kisha akasema kuwa kisu cha kukatia katani kimemjeruhi mkono, na nyapara hakumhesabia siku alizolala. "Haya ndiyo tutakayoandika," alisema mjomba, akaandika mkono, akaandika kisu, akaandika siku zisizohesabiwa. Neno shida halikuingia katika barua ile kabisa. Mengi niliyoyasoma baadaye vitabuni juu ya ufasaha nilikuta nimekwisha kuyasikia barazani pale, tena kwa maneno machache zaidi.

Baada ya kusikiliza aliandika kwanza nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika, akasoma kwa sauti, akamtazama mwenye barua usoni. Uso ulipokunjamana alifuta. Uso ulipokunjuka alichukua karatasi mpya na kuandika nakala safi kuanzia mwanzo: jina la mpokeaji na heshima zake, salamu, dua, habari za afya, kisha yale maneno ya "ama baada ya salamu" yaliyokuwa mlango wa haja yenyewe. Watu wa leo huona salamu zile ndefu kuwa ni kupoteza wakati. Mimi naona kuwa zilimpa mwandishi muda wa kutuliza moyo kabla hajafikia jambo zito, na zilimpa msomaji hakika kuwa anayesemeshwa ni yeye, mwenye jina, ukoo na taadhima yake, wala si mtu yeyote atakayetokea.

Nakala safi hiyo ndiyo nitakayoisifu kupita vyote. Kijana akiniletea utungo wake na kuniuliza afanye nini ili uwe mzuri, sina ushauri mwingine wa kuutanguliza ila huu: uandike tena wote kwa mkono, neno kwa neno, usiruke hata kituo. Mkono hauna mbio za fikira, na kwa kuwa hauna, fikira hulazimika kurudi nyuma kuungoja, na katika kungoja huko huona isichokiona ilipokuwa ikienda mbio. Sentensi iliyokuja kwa majivuno huchosha vidole. Mwandishi hujikuta akiuliza kama kweli yapasa kuibeba kutoka karatasi hii hadi ile, na aghalabu jibu ni hapana. Neno la sifa lisilo na kazi, methali iliyotiwa kwa kuwa ilikuwa karibu, habari iliyosemwa mara mbili kwa mavazi mawili, vyote hivyo hujitenga vyenyewe chini ya kalamu kama chuya na mawe mbele ya mwanamke achaguaye mchele katika ungo. Mashine hunakili kurasa mia bila ya kuuliza neno lolote. Siidharau, maana nami huitumia kazi yangu ikiisha; lakini kazi yenyewe sikuwahi kuona ikiishia humo kwa uzuri ule ule.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili muda mrefu kabla yetu. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate, ambao leo msafiri huutazama kwa ajili ya ngome yake, katika karne ya 18 na ya 19 ulisifika kwa misahafu iliyoandikwa na kutiwa nakshi za rangi kwa mikono ya wenyeji. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua alihangaika kuyakusanya na kuyaandika kabla hayajazama pamoja na vifua vilivyoyahifadhi. Naye Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alianza kwa kumwita binti yake asogee na wino na karatasi. Na kila niufikiriapo mwanzo huo huona kuwa mama yule hakutaka mwanawe asikie wasia tu, alitaka aupitishe mkononi mwake mwenyewe, herufi baada ya herufi, ili mafunzo ya kukaa na watu, ya kutunza nyumba na ya kumcha Mungu yasiingie na kutoka kwa siku moja.

Lakini anayenivuta kuliko wote ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyeishi tangu 1855 au karibu yake hadi 1945. Mkono wake huo huo mmoja ulichonga milango na ulinakili tendi. Alitunga mashairi, akajua muziki na ngoma, na wataalamu wa Kizungu waliotafuta maandiko ya Kiswahili cha kale, akina Hichens na Dammann, walimtegemea yeye. Nakala zake nyingi ziko London leo. Nisemalo ni kuwa mchonga mlango asiyekuwa na haraka na mnakili asiyekuwa na haraka hawakuwa watu wawili ndani ya Kijuma. Aliyezoea kujua kuwa tundu moja la patasi likipotoka mbao nzima imeharibika, hawezi kuitupa herufi.

Kwa hiyo huwasihi wanaopenda kuandika wawe na kazi nyingine ya mikono, hata kama ni ya kujifurahisha tu baada ya alasiri. Jirani yangu mmoja, mama wa watu wazima, hutunga mashairi ya arusi huku akisuka ukili. Miaa hupishana vidoleni, midomo yake hucheza, na ubeti ukitimia huweka ukili chini, hujifuta mikono, huuandika katika daftari, kisha hurudia kazi yake. Nimemwona akikaa na kipande kimoja kwa muda wa ukili mrefu wa kutosha msala. Mimi hujalidi madaftari: hukata makaratasi, huyashona kwa uzi mnene uliopitishwa katika nta, huyavika kitambaa cha kanga iliyochakaa, na katika kushona huko matatizo mengi ya uandishi yaliyonishinda mezani yamefumbuka bila ya kuitwa. Simjui mwandishi mwenye mikono mivivu ambaye maneno yake ni mepesi kusoma.

Daftari la nyumbani nalo lina heshima yake. Mama yangu alikuwa na moja ambalo hakulitenga kwa jambo moja: ndani yake mlikuwa na tarehe za kuzaliwa kwetu, deni la duka la mtaani, kiasi cha iliki na mdalasini katika halua ya arusi ya dada yangu, jina la dawa, mashairi aliyoyapenda, na chini ya ukurasa mmoja, kwa hati iliyotetemeka kuliko nyingine zote, siku na saa aliyofariki baba. Hakukusudia kutunga kitabu, na sidhani kuwa katika kabati langu kuna kitabu kilichoandikwa kwa ikhlasi zaidi.

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, mtu wa hesabu na stakabadhi mchana kutwa, na juu ya hayo alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua ambazo zilizohifadhiwa zinaanza 1931 na kufika 1958. Tunazisoma leo katika kitabu kwa kuwa ndugu yule alizitunza. Mtu yule tunayemjua kwa mashairi yake makubwa tunamkuta humo katika habari za jamaa, za afya, za fedha na za kazi, akisema na ndugu yake kwa lugha ile ile isiyovaa matambara. Huuliza nafsi yangu: maneno tunayopelekeana sasa, nani atayatunza? Sikukuu ikifika simu hujaa salamu, picha ya mwezi na msikiti, maneno yaliyotungwa na mtu asiyejulikana na kupelekwa kwa watu mia kwa pigo moja; na hata tanzia ya mzazi wetu huja hivyo, kati ya tangazo la viwanja na dhihaka.

Na yaliyokwisha kutunzwa hatuyajui tena. Makasha ya pwani yamejaa karatasi zilizoandikwa kwa lugha yetu wenyewe katika herufi za Kiarabu, na wajukuu waliosoma shule zenye herufi nyingine huzifungua wakaona mikunjo na nukta tu. Iko nyumba moja ninayoijua ambayo warithi wake, walipoiuza, walikuta kasha la babu limejaa makaratasi ya namna hiyo; na kwa kuwa walidhani kuwa kila kilichoandikwa kwa herufi zile ni Kurani, walichimba shimo nyuma ya msikiti wakayazika kwa adabu zote, wakasoma na dua. Mzee mmoja aliyewahi kukaa na babu yule na kuyasoma aliniambia yaliyokuwamo: mashairi ya arusi, hesabu za nazi, mipaka ya shamba ambalo jamaa hao wanaligombania hivi sasa mahakamani, na barua ya bibi yao, aliyoiandika kwa mkono wake, akimwuliza mumewe aliyekuwa Lamu kwa nini misimu miwili imepita na hajajibu.