Mama Mwombolezaji na Mwana Mwimbaji

Katika seminari zetu ni desturi kugawanya nyimbo mafungu mawili: za kanisa, na za dunia. Fungu la pili linatupwa bila kusikilizwa. Sisi twaona hukumu hiyo ni rahisi mno, tena haimfai fratri ambaye kesho atakabidhiwa korali ya vijana. Basi tumemchagua mtu mmoja wa fungu lile, ambaye watoto wengi wa Kindu, na sisi pamoja nao, tulikua tukimsikia redioni: Papa Wemba.

Jina lake Jules Shungu Wembadio. Alizaliwa Lubefu, inchi ya Sankuru, tarehe 14 Juni 1949. Ni Mtetela, ndugu wa Wakusu wetu wa Maniema. Alipoimba Kitetela, wazee wengi wa hapa hawakuhitaji mfasiri. Mama yake alikuwa mwombolezaji: watu walimwita kwenye matanga ili amlilie marehemu kwa nyimbo. Mtoto alimfuata, akaketi karibu, akasikia. Huyo ndiye mwalimu wake wa kwanza, na mwana mwenyewe, hata alipokuwa mtu mkubwa, hakuacha kulisema jambo hilo.

Baadaye, vijana wa Kinshasa walipenda sana waimbaji wa Marekani. Yeye naye alijiita Jules Presley, akampenda Otis Redding. Tena aliimba katika korali ya kanisa. Mwaka 1969 alikuwa kati ya vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa, na mwaka 1977 akaanzisha orkestra yake, Viva la Musica.

Sasa swali letu: mama, Mmarekani, kanisa, nani kati yao alidumu? Msomaji asikilize Emotion, sahani ya mwaka 1995. Humo Wemba anauimba wimbo mmoja wa Otis Redding. Anauimba kwa heshima, hatukatai. Lakini ni kama mtu aliyeazimwa koti, hata likiwa zuri mabega hayalingani. Redding anatoa neno kifuani, kwa nguvu na ukali. Sauti ya Wemba haipiti njia hiyo. Inapanda juu, inakuwa nyembamba, halafu mwishoni mwa mstari inakatika, kama pumzi ya mtu aliyezuiwa na machozi. Kisha sikilizeni “Maria Valencia”. Ni wimbo wa mapenzi, na watu wanaucheza. Hata hivyo sauti ni ileile ya matangani. Mmarekani alimpa jina na hamu, nasi twakubali kwamba korali ilimzoeza kuimba pamoja na wengine. Lakini koo lake lilikwisha kufundwa mbele ya maiti.

Wenzetu watatujibu: Je, si huyu aliyewafundisha vijana Sape, kuabudu viatu na makoti? Je, hakukamatwa Ufaransa mwaka 2003 juu ya kuwaingiza watu kwa hila kama wanamuziki wake, akahukumiwa mwaka 2004? Ni kweli, wala hatuna haja ya kuficha. Lakini angalieni: vijana waliomwiga kwa macho walipata makoti, na makoti yamekwisha kuchakaa. Yeye kwa mama yake hakuiga kwa macho. Alikaa chini usiku kucha, akapokea kwa masikio.

Jambo hili latugusa sisi mapadri na makatekista. Siku hizi kwenye matanga mjini Kindu, mara nyingi kipaza sauti kinapiga miziki mpaka asubuhi, na bibi mzee hasikiki. Mahali pengine katekista mwenyewe ndiye anayemnyamazisha, akisema ni mambo ya kipagani. Ajabu! Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawataja wakubwa wetu waliotutangulia katika Misa yenyewe; sisi tunamfukuza anayewataja uani.

Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akiimba, akafa. Mtoto gani leo anaketi karibu na mwombolezaji? Twaomba katekista, kabla ya kumnyamazisha bibi yule, angoje wimbo umalizike. Asikilize anavyoliweka jina la marehemu, na mahali anapoiachia pumzi. Mwalimu wa korali naye aende pamoja naye, hasa kabla ya Ijumaa Kuu, maana siku ile korali zetu nyingi huimba Mateso kama wimbo wa kupokea wageni.