Feni zilisimama au hazikusimama?

Mteja akileta kompyuta na malalamiko kwamba akiizima inajiwasha, mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Ni kazi ya mchana mzima, na mara nyingi mashine inaondoka dukani na ugonjwa wake. Swali la kwanza halihitaji hata bisibisi: baada ya kubofya Shut down, feni zilisimama au hazikusimama?

Zikiendelea kuvuma mpaka nembo ya kiwanda ikarudi kwenye skrini, mashine haikufika kwenye kuzimika. Ilianguka njiani ikaanza upya. Zikisimama kabisa, kimya kikapita kwa sekunde kadhaa, kisha ikawaka yenyewe, basi kuzima kulikamilika na kuna kitu kilichoiamsha. (Ziko mazabodi ambazo feni hutulia kidogo hata katika kuanza upya kwa kawaida, kwa hiyo usihukumu kwa mara moja, rudia.) Mwenye kompyuta anaona jambo lilelile, lakini dawa ya ugonjwa mmoja haiugusi wa pili.

Mashine inajiamshaje? Ni kwa sababu kompyuta ya mezani ikizimwa haikosi umeme. Enzi za pawa saplai za AT, swichi ilikata umeme wenyewe, ndiyo maana Windows 95 ilimalizia kwa kumwarifu mtu kwamba sasa ni salama kuzima. Intel ilipoleta muundo wa ATX mwaka 1995, uamuzi ulihamia kwenye mazabodi. Ule waya wa kijani ambao mafundi huuunganisha na mweusi kujaribia saplai, ukivutwa hadi volti sifuri saplai inawaka, ukiachiwa inazima. Ila mstari mmoja wa volti 5 unabaki hai muda wote kebo ikiwa ukutani, na ndio unaolisha kadi ya mtandao, saketi ya kitufe cha kuwashia na, kwenye mazabodi nyingi, matundu ya USB. Kanuni za ACPI, zilizotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, ziliipa hali hiyo jina la S5. Kuifikia, mfumo endeshi unaandika thamani kwenye rejista ya chipu, na chipu inauachia ule waya wa kijani. Kabla ya hapo kila draiva inapaswa kuwa imekiweka kifaa chake sawa. Inapaswa.

Kisa kinachoonyesha ugumu wa neno hilo kimo ndani ya kerneli ya Linux, kwenye draiva ya xHCI, yaani ya vidhibiti vya USB 3.0. Mwaka 2012 mazabodi mbili za Intel, DH77EB na DH77DF, zilikuwa zinazimika vizuri kisha zinawaka tena baada ya sekunde chache. Kwenye chipu za kizazi hicho, ziitwazo Panther Point, matundu ya USB yaliweza kuhudumiwa na kidhibiti kipya cha xHCI au kile cha zamani cha EHCI. Dawa iliyopatikana ni kuyarudisha matundu kwa EHCI wakati wa kuzima. Kikwazo kilikuwa kuzitambua mashine zenyewe: kila mwuzaji hubandika jina lake kwenye mazabodi ileile, kwa hiyo jina halikufaa kuwa kigezo. Kiraka kikawekwa kwa jamii nzima ya Panther Point.

Mwaka uliofuata zikaja mashine za prosesa ya Haswell na chipu zake za Lynx Point, nazo mara mojamoja zikawa zinaamka baada ya kuzimwa. Aliyelishughulikia tatizo hilo ni Takashi Iwai, mtu anayejulikana zaidi kwa draiva za sauti. Wahandisi wa BIOS walieleza kwamba BIOS mpya ilitegemea mfumo endeshi ufute vyanzo vyote vya kuamsha na kuvishusha vifaa hadi hali ya D3, ya usingizi mzito, kabla ya kuzima. Draiva ya xHCI haikuwa ikifanya hivyo sawasawa, na kwa sehemu ilikuwa kwa makusudi. Iwai, akijengea juu ya kiraka cha awali cha Oliver Neukum, aliifanya draiva ikianzishe upya kidhibiti na kukishusha hadi D3. Mashine za HP, zilizokuwa na ugonjwa huo, zikalala.

Halafu zikaja taarifa kutoka upande mwingine: mashine zilizokuwa zikizimika bila shida sasa zinajiwasha upya zikizimwa. Kumbe dawa ya kosa la BIOS hii iliamsha kosa la BIOS ile, na hapakuwa na njia ya kuziridhisha zote mbili kwa amri moja. Iwai akakibana kiraka chake kifanye kazi tu pale namba ya mtengenezaji iliyomo kwenye kidhibiti inaposoma HP, akakiri wazi kwamba mpaka huo ni wa kukisia. Wapo watakaoona aibu kwa programu kuuliza chapa ya mashine kabla ya kuizima. Mimi naona ndiyo kazi ya fundi ilivyo. Ugonjwa ulithibitishwa kwa HP, basi dawa ipewe HP.

Nimekaa sana hapo kwa sababu kompyuta za mezani za HP za miaka hiyo bado zinauzwa kama used katika maduka yetu. Kwa mashine inayojiamsha, chomoa kebo ya mtandao na kila kitu cha USB, kisha izime. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja mpaka mchokozi ajulikane. Akiwa ni mtandao, zima Wake on Magic Packet kwenye mipangilio ya kadi. Akiwa ni kibodi, mkatalie ruhusa ya kuamsha ndani ya BIOS. Toleo la BIOS nalo liangaliwe kabla na baada, maana kwa Haswell ugonjwa ulionekana kwenye BIOS zilizokuwa mpya wakati huo, si za zamani.

Ile inayoanguka njiani ina njia yake. Windows huwa imepangwa kujiwasha upya ikipata hitilafu kubwa, hivyo skrini ya bluu inapita kabla jicho halijaisoma. Ondoa alama kwenye Automatically restart, uzime tena, usome msimbo. Kwenye Event Viewer, tukio 1074 litakutajia programu iliyoomba kuzima au kuwasha upya, na 41 la Kernel-Power litakuambia mashine haikuzimika kwa utaratibu. Tukio 6006 lisikudanganye: linaandikwa huduma ya kumbukumbu inapofungwa, na draiva bado inaweza kuanguka baada yake.

Kisha jaribu amri ya shutdown /s /t 0. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Fast Startup haiifungi kerneli bali huihifadhi kwenye diski. Amri hiyo inaifunga kweli. Ikiwa kwa amri mashine inazimika na kwa kitufe haizimiki, zima Fast Startup, halafu utafute draiva isiyokubali kulala, ukianza na zile zilizopachikwa karibuni. Pawa saplai iwe ya mwisho kubadilishwa.