Tihar ilianza na askari

Ofisa wa polisi Kiran Bedi alipokabidhiwa magereza ya Delhi, India, mwaka 1993, gereza la Tihar lilikuwa limejengwa kwa watu wapatao 2,500 na ndani mlikuwa na zaidi ya 8,000, wengi wao mahabusu wanaongoja kesi. Askari magereza anayeingia zamu mahali kama hapo hutoka na hasira, na hasira hiyo humshukia mfungwa au mke na watoto nyumbani.

Dawa iliyoletwa ilikuwa vipasana, taamuli ya Kibudha iliyofundishwa na S. N. Goenka. Wengi wakisimulia habari hii hukimbilia Aprili 1994, wafungwa zaidi ya 1,000 walipoketi kwa pamoja. Kwangu mimi ufundi wenyewe ulikuwa kabla ya hapo. Bedi alitanguliza baadhi ya askari wake, akawapeleka kwenye kozi nje ya gereza. Ndipo Novemba 1993 kozi ya kwanza ikafanyika ndani, wafungwa 96 wakiketi pamoja na watumishi 23.

Kozi ni ya siku 10, na si lelemama. Watu huamka saa 10 alfajiri, hutafakari jumla ya saa kama 10 kila siku, hawazungumzi, hawasomi wala kuandika. Siku tatu za mwanzo mtu hufuata pumzi yake tu puani. Kuanzia siku ya nne huukagua mwili kipande kwa kipande, akikutana na joto, mwasho na maumivu bila kujikuna. Askari anaweza kunufaika hapo hasa. Hasira hujionyesha mwilini, moyo ukienda mbio na taya zikikaza, kabla mkono haujainua rungu. Aliyezoea kuiona ikija anaweza kuwahi kujizuia.

Na bila askari kozi haiendi. Wao ndio wanaohesabu wafungwa, kugawa chakula na kufunga milango; ambaye hajaionja ataishuku kimya ile kuwa njama. Hata kabla ya Tihar, katika gereza la Jaipur mwaka 1975, Goenka alikataa kufundisha watu waliofungwa minyororo. Minyororo ilifunguliwa; Ram Singh, katibu wa mambo ya ndani wa Rajasthan, alikuwa ameshapitia kozi mwenyewe.

Kasoro ipo. Watafiti wamewatazama wafungwa zaidi: utafiti wa gereza moja la Seattle, uliochapishwa mwaka 2006, uliuliza juu ya pombe na dawa za kulevya baada ya kifungo, tena kwa watu waliojichagulia kozi. Msongo wa askari haukuwa swali lake.

Kisha nani ana siku 10 za kumwondoa askari zamuni? Badala yake, dakika chache za kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, zamu zinapopokezana, hutuliza mapigo ya moyo, ingawa haziongezi askari pale walipo wachache. Mkuu wa gereza anayetaka kujaribu awape dakika hizo ndani ya saa za kazi, asiwakate siku ya mapumziko.