Kitasa si Kufuli

Katika hati za matengenezo ya majengo, neno "kufuli" hubebeshwa mzigo usio wake. Kwa fundi wa Pongwe, Tanga, kufuli huning'inia nje ya mlango na huweza kuondolewa. Kitasa hukaa ndani ya mlango wenyewe. Komeo husukumwa kwa mkono bila ufunguo.

Tofauti hii ina gharama. Mlango wa vioo viwili vilivyotenganishwa kwa hewa ni mzito: bawaba zikilegea, mlango hushuka, na ulimi wa kitasa hukosa tundu lake. Mtumishi akiandika "kufuli limeharibika", kitanunuliwa kisichohitajika, na bawaba zitabaki vilevile.

Mfasiri asiridhike na kamusi pekee; amwulize fundi kwanza, ndipo istilahi isanifiwe.