Gunia la MP4 na kilichomo ndani

"Sauti ipo, picha hakuna." Ndivyo alivyosema mama mmoja wa hapa Rujewa alipomrudishia kijana wa video flashi ya harusi ya binti yake. Kwenye kompyuta ya studio ilikuwa imecheza bila tatizo. Kwenye tivii ya sebuleni kwaya ilisikika, kioo kikabaki cheusi.

Faili liliandikwa MP4, na tivii ile inacheza MP4. Lakini MP4 ni gunia tu. Picha zilizomo zimebanwa kwa kodeki moja, yaani njia ya kubana na kufungua, sauti kwa nyingine. Mnunuzi wa mchele wa hapa kwetu Mbarali haamini maandishi ya gunia. Huchoma bambo, akazitazama punje kiganjani. Bambo la video ni MediaInfo, programu ya bure. Tulipochoma tukakuta sauti ni AAC, ndiyo maana ilisikika. Picha ilikuwa H.265 ya biti 10.

H.265 ilitoka mwaka 2013, miaka 10 baada ya H.264, na hubana picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya ukubwa. Kijana aliichagua ili saa 3 za sherehe zienee kwenye flashi. Flashi ilimkubali, tivii ikamkataa: tivii hutegemea chipu iliyoundwa kufungua kodeki fulani, na nyingi za bei nafuu za miaka ya nyuma huishia H.264.

Basi tukapanga tukianzia sebuleni. H.264 ya biti 8, 1920 kwa 1080, sauti AAC, fremu 25 kwa sekunde kama alivyorekodi. Hizo 25 alizichagua vizuri. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa za ukumbi hupwita mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/50 hunasa mipwito miwili kamili kila fremu, hivyo picha haichezichezi.

Kwa megabiti 4 kwa sekunde za picha na kilobiti 128 za sauti, saa 3 zinafika karibu gigabaiti 5.6. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata ikiwa na nafasi tele. Kuifomati upya kuwa exFAT kungetusaidia sisi, si tivii isiyoisoma. Tukakata: kanisani na msafara dakika 80, gigabaiti 2.5, ukumbini dakika 100, gigabaiti 3.1.

Nilimkataza kubana upya lile faili la H.265. Kila ubanaji wa namna hii hutupa kitu, na kitu hicho hakirudi. Alifungua tena mradi wake, akatoa kazi upya kutoka picha za kamera, kompyuta ikakesha.

Wanaorekodi moja kwa moja kwenye laptopu kwa programu ya OBS nawasihi watumie gunia la MKV. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni. Umeme ukikatika katikati ya kiapo, faili zima halifunguki. MKV hubaki na yote yaliyokwisha kuingia. Baadaye OBS hiyohiyo huhamishia kazi kwenye MP4 kwa dakika chache, gunia likabadilika bila punje kuguswa.

Flashi ya pili ilicheza. Siku hizi kijana akipokea kazi humpa mteja kwanza flashi yenye dakika 1 ya majaribio, akaichomeke kwenye tivii yake mwenyewe.