Vidoti vya Buluu Ndani ya Waya

Chora ubaoni saketi ya betri moja na balbu mbili zinazofanana, zilizounganishwa kwa mfuatano, kisha waulize wanafunzi wa sekondari ni ipi itawaka zaidi. Wengi watakujibu kwamba ni ya kwanza, kwa sababu umeme unaifikia mapema, nayo inakula sehemu yake kabla ya kuiachia nyingine makombo. Jibu hilo lina mantiki, ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Mwalimu atasema mkondo ni uleule saketi nzima, mwanafunzi ataandika kwenye daftari, lakini kichwani mwake umeme utaendelea kuliwa.

Mpe sasa simulesheni ya saketi ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kushinda Tuzo ya Nobel ya fizikia. Anaburuta betri ya volti 9, anaunga waya, anaweka balbu. Saketi inapokamilika tu, vidoti vya buluu vinaanza kutembea ndani ya waya, vyote kwa wakati mmoja na kwa mwendo mmoja. Ammita ikiwekwa kabla ya balbu inasoma ampea 0.90, na ikihamishiwa upande wa pili inasoma 0.90 vilevile. Akiongeza balbu nyingine kwa mfuatano, vidoti vinapunguza mwendo saketi nzima, ammita inashuka hadi 0.45, na balbu zote mbili zinafifia sawasawa. Hajaambiwa neno.

Ufundi ninaouenzi uko hapo, katika kuamua kipi kionekane. Vidoti hivyo vinawakilisha elektroni, ambazo hazionekani kwa jicho, tena ndani ya waya wa kawaida husogea polepole mno, hata milimita moja kwa sekunde hazifikishi. Waundaji wamezikuza, wamezipunguza idadi, wamezichangamsha. Jambo moja tu hawakuligusa: zinazoingia kwenye balbu ndizo zinazotoka, bila kupungua hata moja. Kujua lipi unaweza kulikunja na lipi ukilikunja unapotosha somo, hiyo ni kazi ya mtu anayeifahamu fizikia na anayemfahamu kijana pia.

Ufundi huohuo uko katika simulesheni nyingine ya PhET, ile ya puto: ina sweta, puto na ukuta, basi. Puto likisuguliwa kwenye sweta, alama za kutoa zinahamia kwenye puto, za kujumlisha zinabaki palepale. Lisogeze ukutani uone: alama za kutoa za ukuta zinarudi nyuma kidogo tu, na puto linanasa.

Wepesi huo umegharimiwa. Wakati wa kutengeneza simulesheni hizi, mwanafunzi aliketishwa mbele ya kompyuta, akaombwa aseme kwa sauti kila anachokiwaza, huku mtafiti akinyamaza na kutazama. Palipomkwamisha, palirekebishwa. Watafiti waligundua pia kwamba kijana akipewa maelekezo ya hatua kwa hatua hufanya aliloagizwa na kuishia hapo, ila akipewa swali moja pana huchokonoa kila kitu. Akipiga shoti, betri inawaka moto kwenye skrini, naye anairudia makusudi mpaka ajue chanzo.

Simulesheni hizi ni za bure, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na zikishapakuliwa zinafanya kazi bila intaneti. Kwa mwalimu ambaye darasa zima linagombania ammita moja, hilo si jambo dogo.

Wapo wanaohofu kwamba kioo kitamnyima mtoto kushika vifaa vyenyewe, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wanafunzi wa chuo hichohicho waligawanywa: wengine walijifunza saketi kwa vifaa halisi, wengine kwa simulesheni. Baadaye wote walipewa balbu na nyaya za kweli waunge saketi na waieleze. Waliofanya vizuri zaidi, kwa mikono na kwa maelezo, ni wale waliokwisha kuviona vidoti vikitembea.