Mpenzi Asiye na Jinsi: Usikilizaji wa Nyimbo za Mapenzi za Kiswahili katika Mwambao wa Rumonge

Makala haya yanachunguza jambo dogo la kisarufi ambalo matokeo yake si madogo. Kiambishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakimtaji mwanamume wala mwanamke. Anayependwa, anayelaumiwa na anayesubiriwa hubeba kiambishi kimoja, hivyo wimbo wa mapenzi unaweza kwisha bila msikilizaji kuambiwa jinsi ya mpenzi. Wahakiki wetu hulijaza pengo hilo kwa haraka mno. Katika chambuzi nyingi za nyimbo, “mpenzi” huwa amekwisha kugeuka “msichana” kabla ya ushahidi wowote kutolewa. Ninadai kwamba katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, ujazaji huo unawapokonya wapenzi wa jinsia moja mojawapo ya mahali pachache pa hadhara walipobakiziwa. Mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa wanaosikiliza kutoka nafasi hiyo, wala hajidai kuwa hana upande.

Rumonge ni mji wa bandari, wa mawese, na wa uvuvi wa ndagala na mukeke unaofanywa usiku kwa mwanga wa taa. Pamoja na Nyanza-Lac na mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, ni sehemu ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya msikiti na ya mapenzi. Hata hivyo, lugha hii haijapewa heshima kamili nchini humo. Kwa Warundi wengi, kumwita mtu “Mswahili” ni kumsema kuwa mjanja asiyeaminika. Uasi uliozuka katika mwambao huu Aprili 1972, na mauaji makubwa yaliyoufuata, yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania. Waliorejea kwa wingi kuanzia 2008 walirudi na Kiswahili cha makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, pamoja na muziki wake, wakakuta lugha yao ikitazamwa kama ya kigeni. Ninalitaja hili kwa sababu shutuma ya ugeni ndiyo iliyotumika pia dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Mtu wa Rumonge aliye yote mawili huambiwa mara mbili kwamba ametoka kwingine.

Historia ya sheria yenyewe inaonyesha kwamba kauli moja ya “utamaduni wa Kirundi” haikuwapo. Februari 2009 Seneti ya Burundi ilikikataa kifungu cha kuyafanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai. Machi 6 chama tawala kiliitisha maandamano makubwa Bujumbura kukiunga mkono, Bunge likakirejesha, na Aprili 22 kanuni mpya ya adhabu ikatiwa saini: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000. Marekebisho ya 2017 yaliliacha kosa hilo mahali pake. Desemba 2023 Rais Évariste Ndayishimiye alisema hadharani kwamba watu hao wapelekwe uwanjani wapigwe mawe.

Mwaka huohuo wa 2017, jinsi iliingizwa katika muziki kwa amri. Agizo la rais la Oktoba 20 liliwakataza wanawake kupiga ngoma za kifalme, sanaa ambayo UNESCO iliiorodhesha 2014. Itakumbukwa kwamba katika Kirundi neno *ingoma* ni ngoma na pia ni ufalme. Msomaji anaweza kupinga kwamba Kirundi nacho, kama lugha nyingine za Kibantu, hakitofautishi jinsi katika viambishi vyake. Ni kweli. Lakini sanaa yake inayoheshimiwa kuliko zote sasa imewekewa mlinzi mlangoni, ilhali wimbo wa Kiswahili, kwa kuwa haukuhesabiwa kuwa urithi wa taifa, uliachwa bila mlinzi. Dharau ina faida zake.

Kuhusu wimbo huo, taarabu inatufundisha zaidi kuliko nadharia zilizoagizwa kutoka mbali. Katika taarabu maana haikai kwa mtunzi peke yake. Msikilizaji huinuka, husogea mbele na kumtunza mwimbaji katika ubeti anaoutaka, na kwa kitendo hicho huutangaza ubeti kuwa wake, au huurusha kwa aliyekaa upande wa pili. Kelly Askew ameueleza vizuri utaratibu huo kwa mifano ya Tanga. Gill Shepherd na Deborah Amory nao waliandika juu ya mashoga wa Mombasa na mahusiano yao na ulimwengu wa wanawake na shughuli zao. Neno lenyewe linasema mengi: shoga ni rafiki wa mwanamke kwa mwanamke mwenzake, na pia ni mwanamume anayependa wanaume. Kamusi huziandika maana hizi mbili moja baada ya nyingine, lakini harusini hukaa kwenye mkeka mmoja.

Linganisha na Marekani. Mwaka 2012 Frank Ocean, mwanamuziki mweusi wa huko, alichapisha barua iliyoeleza kwamba mapenzi yake ya kwanza yalikuwa kwa mwanamume. Wasikilizaji wakarudi kwenye nyimbo zake kutafuta viwakilishi, kwa sababu Kiingereza humlazimisha mwimbaji kuchagua kila anapomtaja mpenzi katika nafsi ya tatu. Uhakiki uliokulia katika lugha hiyo huyapima maisha kwa kujitangaza: aliyesema yuko huru, asiyesema amejificha. Kipimo hicho hakifai Rumonge. Anayeutunza wimbo hajajificha, kwani ukumbi mzima umemwona akiinuka. Hakulazimika tu kutoa maelezo.

Hata hivyo, nisiisifu sarufi kupita kiasi. Pengo huzibwa kwa njia nyingi. Katika “Haturudi Nyuma”, Kidum wa Burundi anaimba na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Maneno hayahitaji jinsi, lakini sauti mbili zinazojibizana, ya kiume na ya kike, zimekwisha kuamua. Video huziba zaidi. Wimbo uliokuwa wa kila mtu redioni hupata, kwenye simu, kijana, binti na gari. Na udhibiti hufuata picha. Nchini Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku video ya “Same Love” mwaka 2016 na filamu ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu mwaka 2018. Jina la filamu hiyo linatumia utata uleule ninaoujadili. Mapenzi yalipoonekana machoni ndipo marufuku ilipokuja. Khadja Nin, aliyeipeleka sauti ya Kiswahili ya Burundi katika soko la Ulaya miaka ya 1990, anastahili kusikilizwa upya kwa sikio hili. Mara nyingi tumeridhika kumtaja kama balozi tu.

Makala haya hayana mahojiano, na baadhi ya washiriki wa mkutano bila shaka watauliza data iko wapi. Februari 2023 polisi waliwakamata watu waliohudhuria semina mjini Gitega, na watu 24 wakashtakiwa kwa makosa yanayohusu mapenzi ya jinsia moja. Ilikuwa semina, si baa. Mtafiti anayerekodi harusi Rumonge na kuandika nani alitunza ubeti upi, kisha akahifadhi jina, picha na tarehe, ametengeneza ushahidi ambao mahakama inaweza kuuitisha. Taasisi zinazofadhili tafiti zetu na kudai orodha ya watoa taarifa yenye sahihi zinapaswa kulifikiria hilo kabla ya kuandika masharti yao. Kwa sasa nimechagua kuhakiki nyimbo na kuwaacha wasikilizaji bila majina.